Treni za abiria mijini: reli ya zamani inalipa, au kontena ndilo linalolipa?

Jumatatu ya tarehe 29 Oktoba 2012 wakazi wa Dar es Salaam walianza kupanda treni kwenda kazini. Kampuni ya Reli Tanzania ya wakati huo, TRL, ilianzisha safari kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa. TAZARA nayo ikaanzisha ya kwake, kutoka stesheni yake iliyo Barabara ya Nyerere hadi Mwakanga. Wananchi hawakuchelewa kuipa jina: "treni ya Mwakyembe", kutokana na Dk. Harrison Mwakyembe aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi.

Wiki mbili baadaye, tarehe 13 Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau, nje kidogo ya Nairobi. Desemba 2015 ikawa zamu ya Kampala, pale treni ya abiria ilipoanza kwenda na kurudi Namanve. Miji mitatu, uamuzi mmoja: barabara zimejaa, fedha za kujenga reli mpya ya mjini ni shida, basi ile ya zamani ifufuliwe na watu wapande.

Zaidi ya miaka kumi imepita sasa. Ukimuuliza abiria wa Gongo la Mboto au wa Embakasi kama treni hizi zina maana, atakujibu kabla hujamaliza swali. Kwake ni saa moja au mbili za foleni alizookoa. Lakini yupo mtu mwingine anayeitazama reli hiyo hiyo kwa jicho tofauti. Ni mwenye kontena bandarini anayesubiri behewa, dereva wa lori aliyesimamishwa kwenye kivuko cha reli, na mfanyabiashara wa Kampala anayengoja mzigo wake upite Malaba.

Reli hizi zilijengwa kwa ajili ya mzigo. Swali la wafanyabiashara na wasafirishaji ni hili: treni ya watu inapopewa njia asubuhi, nani anakaa pembeni, na gharama ya kukaa pembeni inalipwa na nani?

Jibu linalojitokeza katika miji yote mitatu si la ndiyo wala hapana. Treni ya abiria kwenye reli ya zamani inafaa pale ambapo njia tayari inatunzwa kwa fedha ya mizigo, na abiria akaja na treni yake, saa zake na mtu wa kumlipia pengo la nauli. Vitu hivyo visipokuwepo, gharama inahamia kimyakimya kwenye kontena.

Fahali wawili katika zizi moja

Reli ya Kati ya Tanganyika ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Reli ya Uganda ya Waingereza ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Zote ni za upana wa mita moja, na kwa sehemu kubwa ni njia moja tu. Treni mbili zinazokutana haziwezi kupishana popote zinapotaka. Mpaka moja iingie kwenye stesheni yenye njia ya pembeni, isimame, nyingine ipite.

Kwa njia ya namna hiyo, kinachouzwa hasa ni nafasi ya kupita. Kama kipande kati ya stesheni mbili huchukua dakika 20, basi kwa dakika hizo 20 hakuna treni nyingine inayoweza kuingia kutoka upande wa pili. Treni ya abiria ikienda na kurudi mara tatu asubuhi, imekula karibu asubuhi nzima.

Habari njema ni kwamba abiria wa mjini ana saa zake zinazojulikana. Anataka treni kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na tena kati ya saa 10 jioni na saa 2 usiku. Mchana na usiku wa manane njia iko wazi. Kwenye karatasi, abiria na mzigo wanaweza kukaa pamoja bila ugomvi.

Tatizo huanza pale treni ya mizigo inapochelewa huko ilikotoka, jambo ambalo kwenye reli zetu si la ajabu. Treni iliyopangwa kupita Pugu saa 10 alfajiri ikifika saa 1 asubuhi, inakuta njia ni ya watu. Inasimama. Ikiachiwa saa 4, zamu ya kupakua bandarini imepita, na mabehewa yanalala siku nzima.

Siku moja inaonekana ndogo, lakini behewa ni kama lori: linalipa kwa idadi ya safari. Chukulia behewa linalokwenda bara na kurudi kwa siku 10. Kwa mwaka litafanya safari 36. Likipoteza siku moja katika kila mzunguko, litafanya 33. Mabehewa 100 ya namna hiyo yamepoteza safari 300 kwa mwaka, na hakuna injini iliyoharibika wala daraja lililobomoka. Mzigo huo utakwenda kwa lori, kwa bei ya lori.

Ikumbukwe pia kwamba reli ya mjini na reli ya nchi jirani ni reli moja. Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya, reli iling'olewa Kibera, katikati ya Nairobi. Treni za mizigo za kwenda Uganda zikakwama, na kwa kuwa barabara nazo zilikuwa zimezibwa, Uganda na Rwanda zilijikuta na uhaba wa mafuta. Walioumia hawakuwa wakazi wa Nairobi peke yao. Kinachotokea kwenye kilomita 10 za mjini kinafika mpaka duka la mwisho wa njia.

Hesabu ya nauli

Treni ya TRL ilipoanza mwaka 2012, nauli ilikuwa Sh 400 kwa mtu mzima na Sh 100 kwa mwanafunzi. Ilipangwa ilingane na daladala, vinginevyo nani angeiacha daladala inayopita karibu na mlango wake?

Chukulia treni iliyojaa watu wazima 1,000, waliokaa na waliosimama. Kwa nauli ile, safari moja ilikuwa inaingiza Sh 400,000. Na hiyo ni ile safari iliyojaa. Asubuhi watu wanakwenda mjini, hawarudi, kwa hiyo treni inarudi karibu tupu kuchukua wengine. Jioni ni kinyume chake. Ikipata safari nne zilizojaa kwa siku, mapato ni Sh milioni 1.6, na katika hizo yatoke mafuta ya dizeli, mishahara, matengenezo ya mabehewa na matengenezo ya njia.

Msafirishaji anayejua nauli ya kontena moja kwa lori kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza hahitaji kalamu. Kontena hilo moja linalipa mara kadhaa ya treni iliyobeba watu 1,000. Ndiyo maana shirika la reli linaloachiwa lijitegemee halina hamu na abiria wa mjini. Haliwachukii. Ila kila saa ya njia na kila lita ya dizeli inayokwenda kwa abiria ingeliletea fedha zaidi kwa mzigo.

Hapa ndipo wengi hukosea na kusema, "basi treni ya abiria ni hasara, ifungwe". Barabara za mjini nazo haziuzi tiketi, na hakuna anayeziita hasara. Treni ya abiria ni huduma ya mji. Kosa ni kuifanya huduma ya mji na kumwachia msafirisha mizigo bili, bila kumwambia.

Kiini ni injini

Njia inaweza kugawanywa kwa saa. Kichwa cha treni hakigawanyiki.

TAZARA ni somo zuri. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilibeba zaidi ya tani milioni 1.2 katika mwaka wa fedha 1977/78. Mwaka 2014/15 ilibeba chini ya tani 90,000. Huo ulikuwa ndio wakati treni yake ya Mwakanga inabeba watu wa Dar es Salaam kila siku ya kazi.

Haitakuwa haki kusema treni ya Mwakanga iliua mzigo wa TAZARA. Reli hiyo ilikuwa imeanza kudhoofika muda mrefu kabla, kwa uhaba wa vichwa vya treni na mabehewa, ukosefu wa mtaji wa kuendeshea shughuli, na njia iliyochakaa. Lakini upande wa pili nao ni kweli: treni ya abiria haikuiokoa. Reli yenye injini za kuhesabu kwa vidole ikitoa moja iende Mwakanga na kurudi, shaba ya Zambia inayosubiri inahama na kwenda kwenye malori ya Tunduma.

Kenya ilichagua njia nyingine. Mwaka 2020 ilinunua kutoka Hispania treni 11 za mtumba za dizeli ambazo injini zake zimo ndani ya mabehewa yenyewe. Treni ya aina hiyo haihitaji kichwa cha kuivuta. Inaendeshwa kutoka pande zote mbili, kwa hiyo ikifika mwisho wa njia dereva anatembea tu hadi upande wa pili na kuondoka. Hakuna muda wa kukifungua kichwa na kukizungusha, na muda huo ni nafasi ya treni nyingine kupita.

Wapo Wakenya waliolalamika kwamba treni za mtumba hazifai kwa nchi yao. Hiyo ni hoja, lakini kwa mfanyabiashara jambo la kutazama ni moja: treni hizo hazikuchukua injini ya mzigo. Mtumba unaoacha kichwa cha mizigo kifanye kazi yake ni bora kuliko behewa zuri lililofungwa kwenye injini iliyotakiwa Malaba.

Faida isiyoandikwa kwenye tiketi

Upande mwingine wa mizani upo, na ni mzito kuliko inavyodhaniwa.

Barabara ya Mandela ndiyo inayotoa malori bandarini Dar es Salaam kuelekea Ubungo na kutoka nje ya mji. Inapita Buguruni na Tabata. Treni ya Ubungo nayo inahudumia watu wa Buguruni na Tabata. Watu 1,000 waliomo kwenye treni moja ni daladala zaidi ya 30 za abiria 30 ambazo hazipo barabarani mbele ya lori. Msafirishaji anayelipa mafuta huku gari limesimama anajua thamani ya nafasi hiyo, hata kama haipo kwenye tiketi ya mtu yeyote.

Wafanyakazi nao wana hesabu yao. Wapakiaji, makarani, mawakala wa forodha, wenye maduka Kariakoo, Gikomba na soko la Owino, wote hufika kazini kwa kitu fulani. Karani akichelewa saa mbili, hati ya kontena nayo imechelewa saa mbili. Mji usiotembea ni bandari isiyotembea.

Faida ya tatu haizungumzwi sana: reli inayopitiwa na treni kila asubuhi haifi. Reli iliyolala huliwa. Nyasi zinaota, kokoto zinazolewa, mataruma ya chuma yanaishia kwenye mizani ya vyuma chakavu, na vibanda vinajengwa hadi ukingoni mwa njia. Siku mzigo unapotaka kurudi, serikali inaanza kwa kuandika alama ya X kwenye kuta za watu na kupambana mahakamani. Kibera na Mukuru, Shirika la Reli la Kenya lililazimika kuwajengea upya makazi na vibanda watu waliokuwa wakiishi na kufanya biashara ndani ya eneo la reli, ili treni zipite kwa usalama. Ni gharama ambayo isingekuwepo kama eneo lingelindwa tangu mwanzo, na hakuna mlinzi wa eneo la reli anayeshinda treni yenyewe.

Reli haiendi wanakoishi watu

Pamoja na faida hizo, ufufuaji una mpaka wake, na mpaka huo umechorwa na historia.

Wajenzi wa reli za zamani hawakufikiria mtu wa Mbagala anayekwenda Posta. Walifikiria pamba, katani na kahawa. Ndiyo maana Dar es Salaam ina reli Pugu na Ubungo, lakini Mbagala, Mbezi na Tegeta hawana. Kampala ina reli ya kwenda Namanve upande wa mashariki, wakati umati mkubwa huingia mjini pia kwa barabara za Entebbe, Masaka, Bombo na Gayaza. Hakuna ukarabati unaoweza kuihamisha reli hadi huko.

Stesheni nayo inaweza kuwa mbali na safari ya abiria. Anayepanda treni ya TAZARA anashushwa Barabara ya Nyerere, kilomita kadhaa kutoka Kariakoo. Treni hiyo haiwezi kuendelea hadi Stesheni kwa njia ya TRC, kwa sababu reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067 na ile ya TRC ni milimita 1,000. Ni sababu hiyo hiyo inayolazimisha mizigo kuhamishwa Kidatu. Abiria anapanda daladala kumalizia safari, analipa nauli mara mbili, na baada ya miezi michache anajiuliza kwa nini asipande daladala tangu mwanzo.

Nairobi ina bahati. Stesheni yake kuu iko mjini kabisa, na njia zinatoka hapo kwenda pande kadhaa: Syokimau, Embakasi, Ruiru, Kikuyu. Tangu SGR ya Mombasa ilipoanza Mei 2017 na kuishia Syokimau, reli ya zamani imekuwa ndiyo inayoleta abiria wake mjini. Hapo reli ya zamani imepata kazi mpya ambayo barabara ingeshindwa kuifanya kwa wepesi.

Kampala imeonyesha kitu kingine: huduma inayokatika-katika haijengi wateja. Treni ya Namanve ilianza chini ya mwekezaji wa Rift Valley Railways, ambaye mkataba wake ulivunjika mwaka 2017. Huduma ikarudi chini ya Shirika la Reli la Uganda mwaka 2018. Ilisimama tena mwaka 2023 kupisha ukarabati wa njia, ikarejea mwaka 2024. Ukarabati huo ulikuwa wa lazima, na ni wa faida kwa mzigo kwa sababu njia hiyo ndiyo ya makontena yanayotoka Malaba. Lakini abiria aliyeachwa stesheni mara mbili hununua bodaboda.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Mfano unaoonyesha mpangilio mzuri hautoki mjini. Unatoka Kaskazini mwa Tanzania.

Reli ya Tanga kwenda Moshi na Arusha ilikuwa imelala kwa miaka mingi. Ilipofufuliwa, Julai 2019 ilianza treni ya mizigo hadi Moshi. Abiria kutoka Dar es Salaam walifuata Desemba 2019, wakati wa watu kwenda kula Krismasi nyumbani, na Oktoba 2020 treni ikafika Arusha. Mzigo ulitangulia na kuifanya njia iwe na sababu ya kutunzwa. Abiria alikuja kama mgeni katika nyumba ambayo tayari ina mwenyeji.

Kinyume chake ni kufufua njia kwa ajili ya abiria peke yake na kutegemea tiketi ilipe mataruma, madaraja na mishahara ya walinzi wa vivuko. Nauli ya daladala haiwezi kubeba hayo. Njia ya namna hiyo itategemea bajeti ya serikali kila Juni, na siku bajeti ikikaza, ndiyo ya kwanza kukatwa.

Vilevile, kilomita 20 nzuri za mjini hazisaidii kitu kama njia imekatika mbele. Mafuriko ya mwanzoni mwa mwaka 2010 yaliharibu reli ya kati katika eneo la Kilosa na kusimamisha treni za bara. Fedha ya reli ni moja. Shilingi inayopaka rangi kituo cha abiria ni shilingi ambayo haikuweka kalvati Kilosa. Kwa mfanyabiashara wa Bujumbura au Kigali, kalvati lile lina thamani kuliko kituo.

SGR imebadilisha ramani

Hesabu hizi zote zimebadilika katika miaka ya karibuni, na hapa ndipo penye nafasi ya kweli.

Tanzania ilianza safari za SGR za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na Dodoma mwezi Julai. Abiria wengi wa masafa marefu wamehamia huko. Maana yake ni kwamba reli ya zamani imepata nafasi ya kupumua katika kipande chenye msongamano zaidi, kile kinachoingia Dar es Salaam. Nafasi hiyo inaweza kupewa abiria wa mjini au mzigo, na kwa mpango mzuri inaweza kuwatosha wote wawili.

Lakini haitabaki wazi muda mrefu. Tarehe 31 Julai 2025 bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, ilizinduliwa rasmi, na nchi jirani zinazotumia bandari ya Dar es Salaam zimetengewa maeneo huko. Lengo ni makontena yatoke bandarini kwa treni na malori yayachukulie Kwala, bila kuingia mjini. Mpango huo ukishika kasi, treni za makontena kati ya bandari na Kwala zitakuwa nyingi, na sehemu yake ikipita reli ya zamani itapita Pugu, njia ile ile ya treni ya watu wa Gongo la Mboto.

Huu ndio wakati wa kuamua, kabla treni ya abiria na treni ya Kwala hazijagombania saa 1 asubuhi. Njia za kupishana zinajengwa kwa miezi. Foleni ikishaanza, inachukua miaka kuiondoa.

TAZARA nayo iko kwenye njia panda. Serikali za Tanzania na Zambia zimeikabidhi kwa kampuni ya Kichina ya CCECC kwa mkataba wa miaka 30 uliotiwa saini mwaka 2025, wenye uwekezaji unaotajwa kuwa dola za Marekani bilioni 1.4. Mwekezaji anayetafuta kurudisha fedha zake kwa shaba na mizigo ya Zambia na Kongo hatakuwa na mapenzi na treni ya Mwakanga, isipokuwa kama mtu anamlipa kuiendesha. Kama nafasi ya abiria wa Dar es Salaam haikulindwa kwa maandishi, itakwisha bila tangazo.

Anayelipa tozo ana haki ya kuuliza

Wapo wanaodhani mjadala huu ni wa mameya na mawaziri. Si kweli. Kenya ilianza kutoza tozo ya maendeleo ya reli kwa bidhaa zinazoagizwa kutoka nje mwaka 2013, kwa asilimia 1.5 ya thamani. Tanzania ikafuata mwaka 2015 kwa kiwango kama hicho. Kiwango kimebadilika nyakati tofauti, lakini kanuni ni ile ile: anayeagiza mzigo amechangia reli kabla mzigo wake haujapanda behewa lolote.

Kwa hiyo vyama vya wafanyabiashara, wenye malori na mawakala wa forodha wana haki ya kukaa mezani, na wana maswali manne ya kuuliza kila treni mpya ya abiria inapotangazwa.

La kwanza: treni hiyo inavutwa na nini? Kama ina injini zake, vizuri. Kama kichwa kinatolewa kwenye mizigo, ielezwe ni kipi na treni ipi ya mizigo itapungua.

La pili: mzigo una saa zake zilizoandikwa? Ratiba ya abiria hubandikwa ukutani. Ya mizigo hubaki kichwani mwa mwongoza treni. Iandikwe pia, pamoja na orodha ya stesheni zitakazoongezewa njia za kupishana.

La tatu: vivuko vya reli na barabara vitafanywaje? Kivuko kinachofungwa mara nne kwa siku kinavumilika. Kikifungwa mara 20, kinageuka kizuizi cha malori, na msongamano uliotolewa barabarani umerudishwa kwa mlango wa nyuma. Fedha ya daraja la juu ihesabiwe ndani ya gharama ya treni.

La nne, na ndilo kubwa: pengo la nauli linalipwa na nani? Kama ni mji au serikali kuu, kiasi kionekane kwenye bajeti. Kama hakionekani popote, mfanyabiashara ajue kinatoka kwenye nauli ya kontena lake.

Treni yenye majibu manne mazuri istahili kuungwa mkono na wasafirishaji, kwa sababu inawapunguzia foleni, inawalindia eneo la reli na inawafikishia wafanyakazi kazini kwa wakati. Treni isiyo na majibu itapigiwa makofi siku ya kukata utepe, na baada ya miaka mitatu mabehewa yake yatakuwa yamesimama kwenye njia ya pembeni, na ile ya mizigo ikisubiri nyuma yake.

Waswahili husema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Kwa reli hizi kuukuu, heri mahesabu yafanywe asubuhi, kabla treni haijaondoka.